Nani Alifungua Paa?

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliitaja kwa kupita tu gari ya ami yangu, ile Mazda ndogo ya kufungua paa, halafu tukaendelea na mengine. Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Karibu ujumbe wote mlionitumia unauliza kitu kimoja: ami wa Kizanzibari, dereva wa basi, anakaa Dagenham, gari isiyo na paa ya nini katika mji huu wa mvua?

Swali zuri. Jibu lake ni refu kuliko dakika tulizokuwa nazo, na njiani linapita kwa malkia wa Tonga, rais wa Marekani, na malori ya mwaka 1964. Kwa hiyo nimeona niliandike. Kaeni vizuri.

Gari yenyewe ni Mazda MX-5 ya 1997, ya kijani, viti viwili tu. Ami aliinunua kwa mtu mwaka 2009, baada ya miaka mingi ya kusema ataacha kuitamani. Paa lake ni la turubai na halina umeme wala kitufe cha kubonyeza. Unafungua zipu ya dirisha la plastiki la nyuma, unafungua makomeo mawili yaliyo juu ya kioo cha mbele, halafu unalisukuma kwa mkono mpaka likalale nyuma ya viti. Mimi nilijua kulifungua miaka mingi kabla sijajua kuendesha.

Mara ya kwanza mvua kutukuta nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa A13 tunaelekea mjini, jua kali, paa limelala. Ghafla wingu likatoka huko linakotoka. Nikaanza kupiga kelele.

"Ami, mvua!"

"Naiona. Umelowa?"

Nikajigusa kichwa, nikajigusa magoti. Sikulowa. Upepo unapiga kioo cha mbele, unapanda, unayachukua matone na kuyapitisha juu ya vichwa vyetu mpaka nyuma ya gari. Mvua ilikuwa inanyesha kila mahali isipokuwa pale tulipokaa.

"Ukienda hulowi," akasema ami. "Ukisimama ndiyo unalowa."

Dakika tatu baadaye tukakutana na taa nyekundu za Canning Town. Tukalowa chapachapa. Pembeni yetu basi limesimama, na abiria wa ghorofa ya juu wanatutazama wakicheka. Ami akawapungia mkono kama mbunge.

Sasa, kabla ya historia, nisafishe jambo moja. Sisi sote tumelelewa na maneno kwamba London ni mji wa mvua na Unguja ni kisiwa cha jua. Kwa hesabu ni kinyume. London hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka. Unguja hupata zaidi ya 1500. Tofauti ni kwamba kwetu mvua ina miadi. Masika inakuja Machi mpaka Mei, vuli inakuja Oktoba mpaka Disemba, na katikati kuna mvua ndogo za mchoo. Kila moja ina jina lake na watu wanaijua kama wanavyomjua jirani. Hata ndogo zina majina: manyunyu, rasharasha. Mvua ya London haina jina kwa sababu haina msimu. Inakuja, inaondoka, jua linatoka, inarudi, yote kabla hujamaliza chai yako. Kwa hiyo mwenye gari ya kufungua paa hapa kila siku anatakiwa aamue: nifungue au nisifungue? Na huo uamuzi ndio ninaotaka kuuzungumza. Nani anao, na nani hana.

Ami ni dereva wa basi la ghorofa. Siku nzima ana paa la chuma na watu tele juu ya kichwa chake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba zamani mabasi ya ghorofa ya London yalikuwa wazi juu. Mpaka 1925, polisi wa London, ambao ndio waliokuwa wakiyapa mabasi vibali, walikataa ghorofa ya juu iezekwe. Waliogopa basi likiwa zito juu litapinduka. Abiria aliyekaa huko alikuwa na kipande cha turubai kilichofungwa kwenye kiti. Mvua ikija anajifunika miguu, kichwa ni shauri lake. Ndani kukijaa unapanda juu, unalowa, unafika kazini umelowa.

Gari ndogo nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita gari nyingi zilikuwa za wazi, kwa sababu bodi yenye paa ilikuwa ghali. Mwenye paa alikuwa tajiri. Katika miaka ya 1920 viwanda vikapata njia ya kutengeneza bodi za kufunika kwa bei nafuu, paa likawa la watu wengi, na hapo ndipo kukaa bila paa kulipogeuka kuwa starehe. Hebu liangalieni jambo hilo vizuri. Kiti kile kile, mvua ile ile. Ulipokuwa huna uwezo wa kufunga, ilikuwa shida. Ulipopata uwezo wa kufunga, ikawa raha ya kulipia.

Haya, sasa twende mwaka 1953.

Tarehe 2 Juni 1953, siku ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, London ilinyesha na ilikuwa baridi. Watu walikuwa wamelala barabarani usiku kucha ili wapate nafasi ya kutazama. Baada ya ibada Westminster Abbey, msafara ukaanza kuzunguka mji, na wageni wengi wakafunga mapaa ya gari zao za farasi. Mmoja hakufunga. Malkia Salote wa Tonga, nchi ya visiwa kule Pasifiki iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, mwanamke mrefu wa zaidi ya futi sita, aliacha paa likiwa wazi. Akakaa kwenye mvua njia nzima, anatabasamu, anapunga mkono. Kwa adabu ya kwao, ukiwa mbele ya mkubwa unayemheshimu hujifuniki. Pembeni yake kwenye gari ile ile alikuwa Sultani wa Kelantan, kutoka Malaya. Naye akalowa pia, ingawa hakuna anayejua kama aliulizwa.

Watu wa London walimpenda Salote papo hapo. Wao wamelowa tangu usiku, na huyu hapa malkia anayelowa pamoja nao. Magazeti yalimwandika, nyimbo zikatungwa. Mpaka leo ukiwauliza wazee wa Kiingereza kuhusu siku ile, kuna watakaomsahau waziri mkuu lakini si malkia wa Tonga.

Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa hapa. Sasa tuangalie upande wetu wiki zile zile.

Mnajua kwamba Elizabeth alikuwa Kenya, kule Nyeri, baba yake alipofariki Februari 1952. Basi mwaka uliofuata, kusherehekea kutawazwa kwake, walowezi wa Afrika Mashariki waliandaa mashindano ya magari wakayaita Coronation Safari. Ndiyo hayo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Magari yalianzia Nairobi, Kampala na Morogoro, mwishoni mwa Mei, barabara za udongo zikiwa bado na matope ya masika. Gari zina mapaa, madereva wana ramani. Kando ya barabara wamesimama wenyeji wanatazama, wanarushiwa matope, na gari likikwama wanaitwa kusukuma.

Na Kenya wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1954, jeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Maelfu ya wanaume walikamatwa majumbani na mitaani, wakapakiwa kwenye malori yenye seng'enge, wakapelekwa kambini. Nao walikuwa wazi juani na mvuani mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyewatungia wimbo London.

Sisemi haya kumkosoa Salote. Nampenda mno yule mama. Nasema kwamba ufalme ule ule, katika miaka ile ile, ulikuwa na watu wa aina mbili waliokaa bila paa.

Na nisingefika kwenye wazo hilo peke yangu. Nilipewa na bibi yangu.

Tarehe 6 Mei 2023 familia yetu ilikusanyika kwa shangazi, East Ham, televisheni inaonyesha kutawazwa kwa Charles. Na kama mnavyokumbuka, ilinyesha siku nzima. Mfalme alikuwa ndani ya gari ya farasi iliyofungwa kila upande, kioo kimejaa matone. Mimi nikawa nawasimulia watoto hadithi ya malkia wa Tonga. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, anachambua mchele, sikudhani anasikiliza. Nilipomaliza akaniuliza bila kuinua macho:

"Alifungua mwenyewe, au walimfungulia?"

"Alifungua mwenyewe, bibi. Wenzake walifunga, yeye hakutaka."

"Basi huyo alikuwa malkia."

Akaendelea na mchele wake.

Inafaa mjue kwamba Bibi alikuwa hajawahi kukaa kwenye gari ya ami. Miaka kumi na minne! Mwanawe wa kumzaa, gari yake ya fahari, naye anakwenda hospitali kwa basi. Ukimuuliza anasema, "Mimi na mvua hatupatani." Sote tuliamini. Tukamfanyia mzaha, tukamnunulia mwavuli. Siku ile, baada ya lile swali, ndipo nilipoanza kushuku kwamba mvua haimo.

Swali la Bibi lilinikaa kichwani nikaanza kulipeleka kila mahali. Chukueni tarehe 22 Novemba 1963. Asubuhi ile eneo la Dallas lilikuwa na mvua. Gari ya Rais Kennedy ilikuwa ya wazi lakini ilikuwa na paa la plastiki la kuweka na kutoa. Mvua ikakatika, jua likatoka, paa halikuwekwa. Mengine mnayajua. Paa lile halikuwa la kuzuia risasi, kwa hiyo si kwamba lingemwokoa kwa hakika. Lakini hali ya hewa ilibadilika, rais akataka aonekane na watu, akaonekana. Tangu hapo gari za wakuu wa Marekani zikafungwa. Kwetu bado tunaona desturi ile ya zamani: siku za taifa, Kenya na Tanzania, rais anaingia uwanjani amesimama juu ya gari ya jeshi ya wazi, anapunga mkono. Paa limeondolewa kwa makusudi ili tumwone. Dakika kumi baadaye anaingia kwenye gari nyeusi yenye vioo vyeusi.

Siku 18 baada ya Dallas, tarehe 10 Disemba 1963, Zanzibar ikapata uhuru chini ya Sultani Jamshid. Mwezi mmoja na siku mbili baada ya hapo, tarehe 12 Januari 1964, kukawa na Mapinduzi. Sultani akaondoka kwa meli, akafika Uingereza, akaishi Portsmouth zaidi ya miaka 50 mpaka alipohamia Oman mwaka 2020. Hiyo ni historia ya mkubwa. Ya wadogo ipo kwenye malori.

Kwetu nyumbani kuna malori mawili. Upande wa mama, lori ni hadithi ya furaha. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa Ng'ambo, mchukuzi bandarini. Januari ile alipanda lori la wazi pamoja na wenzake, wamesongamana, wanaimba, wanazunguka mji ambao kwa mara ya kwanza waliuona kuwa ni wao. Aliisimulia kila Eid. Alikuwa anasimama sebuleni kutuonyesha jinsi alivyoshika ubavu wa lori kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine.

Upande wa baba hakukuwa na hadithi ya lori. Ndivyo nilivyodhani.

Mnaiona picha, sivyo? Harusi ya baba na mama, London, 1996. Babu na Bibi wamekaa meza moja. Wanaulizana hali, wanapeana biriani, wanacheka. Miaka na miaka ya "Shikamoo" na "Marahaba" na "Mwenzangu vipi mgongo?" Na Babu anaposimama kusimulia lori lake, Bibi anainuka taratibu kwenda jikoni kuangalia chai.

Mwaka huo huo wa 2023 ikaja habari ya gari. Tarehe 29 Agosti utaratibu wa hewa safi, hii tunayoiita Ulez, ulipanuliwa mpaka mipaka yote ya London. Gari ya petroli ya zamani isiyofikia kiwango, ukiitembeza tu siku hiyo unalipa pauni 12.50. Dagenham iliingia. Mazda ya 1997 haikuwa na ujanja. Mimi nina pumu tangu utotoni, nimelala hospitali za mji huu mara nyingi, kwa hiyo sitasimama hapa kulaumu hewa safi. Lakini nilimwona ami akiifuta gari ile kila jioni kama anayemwogesha mgonjwa. Kulikuwa na fidia ya pauni 2000 kwa atakayekubali gari yake ivunjwe. Yeye hakutaka ivunjwe. Akapata mnunuzi kijijini, mbali na London.

Jumamosi ya mwisho kabla ya tarehe ile, akanikatia bima ya siku moja, akanipa ufunguo.

"Mpeleke Mama," akaniambia. "Mimi amenikatalia miaka yote. Labda mjukuu atamsikia."

Nikaenda kwa Bibi. Sikumbembeleza sana. Nilimwambia, "Bibi, gari inaondoka Jumatatu. Nataka nikuonyeshe njia aliyopita malkia wa Tonga." Akanitazama. Akaenda ndani, akarudi na mtandio wake wa safari na kile kikoba cha dawa.

"Nitakwenda. Lakini paa lifungwe."

"Limefungwa, bibi."

Tukatoka asubuhi mapema, maana mchana ukiingia katikati ya mji kuna malipo mengine. A13, paa limefungwa, rasharasha juu ya turubai. Ndani ya gari ile mvua inasikika kama ngoma ndogo. Bibi amekaa wima, mikono juu ya kikoba. Barking, Canning Town, Poplar. Mvua ikakatika. Pale Limehouse, penye njia ya kuingilia handaki la Rotherhithe, nikamwonyesha. Upande wa pili wa mto, nikamwambia, ndipo alipofia Kabaka Mutesa, mwaka 1969, kwenye fleti ndogo. Mfalme wa Buganda na rais wa kwanza wa Uganda. Mei 1966 jeshi la serikali lilipovamia kasri lake Mengo, ilishuka mvua kubwa ya radi, mapigano yakavurugika, akapata upenyo wa kuruka ukuta. Akasimamisha teksi iliyokuwa inapita, kama mtu yeyote.

"Mvua ilimsaidia," akasema Bibi.

"Ilimsaidia."

Akanyamaza mpaka Tower Hill. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza.

"Sisi hakukuwa na mvua. Ilikuwa kaskazi, jua kali. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Walikuja shamba asubuhi, wakatupandisha lori. Mimi, mama, wadogo zangu. Lori la kubebea nazi, halina kitu juu. Wakatupitisha njia kuu mpaka mjini. Polepole. Watu wamesimama pande zote mbili."

Taa zikawa nyekundu. Nikasimama.

"Nilikuwa sina mtandio. Niliomba nirudi ndani nikauchukue, wakakataa. Njia yote ile, watu wanatutazama, na wengine nawajua. Kuna niliyesoma nao skuli. Sikulia kwa kuogopa kufa. Nililia kwa sababu ya macho."

Taa zikawa kijani. Gari ya nyuma ikapiga honi, nikaondoka.

Sijui kama nyie mmewahi kusikia jambo la namna hiyo mkiwa mmeshika usukani. Huwezi kumtazama mtu usoni. Huwezi kumkumbatia. Unaangalia mbele, unabadilisha gia. Labda ndiyo maana alilisema pale.

Baada ya kimya nikamuuliza alichopaswa kuulizwa miaka mingi. "Babu je? Ulikuwa unajua kwamba naye siku zile alikuwa kwenye lori?"

"Najua. Alinambia mwenyewe, siku ya harusi ya wazazi wako. Akasema, Bi mkubwa, inawezekana nilikuona. Nikamwambia, inawezekana." Akarekebisha mtandio. "Yule alikuwa na haki ya kufurahi. Alizaliwa kwenye chumba cha udongo, kazi yake kubeba mizigo ya watu. Furaha yake simnyimi. Ila siwezi kukaa nikaisikiliza."

Nimeisoma historia ya Mapinduzi kwa vitabu vya pande zote. Wengine wameandika ukombozi tu, wengine wameandika maafa tu, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Sikuwahi kusoma sentensi mbili zilizobeba yote mawili kama zile za Bibi kwenye kona ya Tower Hill.

Tulipofika Embankment jua lilikuwa limetoka lote, mto unameremeta. Bibi akainua macho akalitazama turubai juu yake, akaligusa kwa kidole.

"Hili linafunguliwaje?"

Nikaingia kichochoro cha kwanza nilichokiona, nikasimama. Nikashuka nikafungua zipu ya nyuma. Nikataka kufungua makomeo, akaniwekea mkono.

"Nionyeshe. Nifungue mwenyewe."

Lile la upande wake lilikuwa gumu, ami hulitia mafuta lakini halisikii. Alilivuta kwa mikono miwili mpaka likaachia. Tukalisukuma pamoja. Akajifunga mtandio vizuri, akafunga fundo chini ya kidevu, akakaa.

Tukapita Northumberland Avenue, tukazunguka Trafalgar Square, tukapita chini ya Admiralty Arch, tukaingia The Mall. Barabara nyekundu, pana, miti pande zote mbili, watalii wengi. Watu wanatutazama, maana si kila siku unaona bibi wa miaka sabini na sita mwenye mtandio wa Kiunguja kwenye Mazda ya kijani. Mtoto mmoja akapunga mkono. Bibi akampungia.

Halafu, bila shaka, wingu. Mnaijua London. Tone la kwanza kwenye kioo, la pili kwenye mkono wangu. Mwendo huko ni maili 20 kwa saa, na kanuni ya ami haifanyi kazi kwa mwendo huo. Mbele taa zikawa nyekundu. Nikanyoosha mkono kulivuta paa.

"Acha," akasema.

"Utalowa, bibi."

"Nitalowa. Nikichoka nitakwambia ufunge."

Hakuchoka mpaka tulipotoka nje ya mbuga ya St James's. Pale akasema, "Sasa funga, mifupa yangu si ya malkia," tukasimama, tukafunga, tukawasha hita mpaka mwisho, na tukarudi Dagenham kwa kunukia sufi iliyolowa. Ami alikuwa mlangoni. Akamwona mama yake mtandio umelowa, akanitazama kwa hasira ya dakika moja, halafu akaelewa.

Gari iliondoka Jumatatu. Ami sasa ana gari ndogo ya umeme, kimya kama paka, ina paa. Makomeo yale hayamtoki mdomoni.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lenu. Ami alitaka gari isiyo na paa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kulifunga. Alikulia Unguja ya miaka ya 1970, anapanda nyuma ya malori ya mizigo kwenda skuli, masika yanamkuta humo humo. Kwake kuweka mkono kwenye komeo na kuamua mwenyewe ilikuwa ndiyo London aliyoijia. Hakujua kwamba mama yake alikuwa na sababu nyingine ya kuichukia gari ile, na mama hakumwambia. Amemwambia sasa.

Nina ombi moja. Wengi wetu tuna wazee waliofika hapa kwa njia ambazo hawajazisimulia. Tumezoea kuwauliza maswali makubwa: ilikuwaje vita, ilikuwaje mapinduzi, kwa nini mliondoka? Wanajibu kwa kifupi au wanakwenda kuangalia chai. Safari hii waulizeni jambo dogo. Mlisafiri na nini? Lilikuwa na paa? Kulikuwa na mvua au jua? Nani alikuwa anawatazama?

Mkiwa kwenye gari ni bora zaidi, kila mtu anaangalia mbele. Wakikubali, rekodini sauti mtutumie. Wasipokubali, msiwalazimishe; endesheni tu, polepole.